Aliyoyaona Muosha

Bi Mwanapili aliheshimiwa na kila mtu, na hakuna aliyetaka kumwona mlangoni kwake. Akipita Sokomuhogo na kikapu chake cha ukindu, wanawake waliokaa barazani walimwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, Bi Mwanapili," na papo hapo macho yao yakatazama kikapu kinaelekea wapi. Akishapita bila ya kusimama, walishusha pumzi wakaendelea na mazungumzo yao. Hawakumchukia. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike, na kwa kazi kama hiyo mtu hategemei kupokewa kwa vigelegele.

Kazi aliirithi kwa shangazi yake, enzi hizo wanakaa Mwembetanga. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya sitini na nne, serikali ilipowagawia watu wa Ng'ambo nyumba za mawe zilizobaki bila wenyewe, naye alipata chumba na uwa wa kupikia huku Sokomuhogo, akahamia na kikapu chake. Shangazi alimfundisha namna ya kumgeuza maiti bila ya kumtupa, namna ya kummwagia maji na kumpaka karafuu maiti. Lakini alichomkazania zaidi ni jambo moja: aliyoyaona muosha hayasemwi. Maiti hawezi tena kujifunika, kwa hiyo amekuachia wewe umfunike, na ukenda kumsema umemvua nguo mbele ya watu.

Bi Mwanapili aliishika amana hiyo. Aliona alama za mikanda migongoni kwa wanawake ambao waume zao walikuwa wanalia nje kuliko wote. Aliona hirizi mahali ambapo hirizi haitakiwi kuwapo. Hakusema. Watu wakimwuliza alikuwa na jibu lake moja, "Mzuri, kama kalala," na jibu hilo lilimpa heshima mji mzima. Wallahi hakuwa na heshima nyingine. Hakuwa na mume wala mtoto, wala ndugu mwenye cheo.

Masika ya mwaka sitini na tisa aliitwa kumwosha Bi Mwatum, mpika vitumbua. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mpaka Mkunazini, kisha katika mwaka mmoja akakonda akabaki mifupa. Mtaa ulisema kapigwa jicho. Nyumbani kwake walisema homa. Alikuwa na binti wawili. Mkubwa, Tabia, alikuwa fundi cherehani, na bibi harusi aliyeshonewa nguo na Tabia alitembea kifua mbele. Mdogo, Kurwa, aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa pacha, ingawa pacha mwenziwe hakuishi. Siku hiyo Kurwa alikuwa na mimba kubwa, wakamzuia asiingie kwenye maiti. Tabia aliingia, akaanguka mlangoni, wakamtoa. Kwa hiyo ndani alibaki Bi Mwanapili na kizee mmoja wa kummiminia maji, ambaye macho yake yalikuwa yamefunga kwa mtoto wa jicho.

Mguu wa kushoto wa Bi Mwatum ulikuwa umevishwa soksi. Chini ya soksi mlikuwa na vitambaa, kimoja juu ya kimoja, na ndani ya vitambaa mlijazwa karafuu zilizotwangwa na vumbi la udi. Bi Mwanapili alivifungua mpaka alipofika kwenye unyayo. Palikuwa na tundu. Tundu lile lilikuwa limekula nyama yote likafika kwenye mfupa, na nyumba nzima haikujua. Marehemu alikuwa akisema anahisi baridi, ndiyo maana ya soksi, na udi aliufukiza kila siku, watu wakamsifu kwa kupenda harufu nzuri.

"Maji yametosha?" aliuliza kizee.

"Bado. Mimina taratibu."

Akaosha, akalijaza tundu kwa pamba, akazidisha karafuu maiti, akaivuta sanda. Alipotoka, Tabia alimshika mikono yote miwili.

"Mama yangu yukoje, Bi Mwanapili?"

"Mzuri, mwanangu. Kama kalala."

Tabia akalia, akambusu kiganja. Bi Mwanapili akaondoka na kikapu chake, na alilala usingizi wake vizuri kabisa.

Ukapita mwaka na zaidi. Mwaka sabini na moja, wakati ambao mchele na sukari vilikuwa vya kupangiwa foleni, alikuja mtaani nesi mmoja kijana, Mwanamkasi, mtoto wa Makunduchi. Hospitali ilikuwa imemtuma aingie majumbani kuwatafuta watu wenye ugonjwa wa sukari kabla hawajazidiwa, kwa sababu walikuwa wanaletwa hospitali wakiwa hawafai tena. Alikuwa na jiko dogo la spiriti, vichupa, na dawa ya buluu. Dawa ile ukiichanganya na mkojo ukachemsha, ikibaki buluu uko salama. Ikigeuka rangi ya tofali, basi sukari imo.

Siku za mwanzo alizungushwa. Alipiga hodi, akajibiwa na mtoto kwamba mama hayupo, na mama anasikika akikohoa. Ndipo alipokuja kwa Bi Mwanapili.

"Nataka unifuatane, bibi. Wewe nyumba zote wanakufungulia."

Bi Mwanapili alicheka mpaka akashika mbavu. "Mie, mwanangu? Mie wananifungulia mtu akishakufa."

"Ndiyo maana. Hakuna mtu atakayediriki kukwambia hayupo."

Kisha Mwanamkasi akakaa kitako juu ya mkeka, akamweleza. Ugonjwa huu, alisema, unaua hisia za miguu. Mtu anajikata, anaungua, na hasikii. Kidonda kinachouma mtu hukishughulikia. Kisichouma ndicho kibaya, maana anakikanyagia mpaka kinaoza. Tena unatembea katika damu, mama akiwa nao, watoto nao wachunguzwe. Ukijulikana mapema, mtu anapewa vidonge, anapunguza vitamu na wanga, anaitunza miguu yake, anaishi.

Bi Mwanapili hakucheka tena. Miguu ilianza kumjia, ya wanawake aliowaosha miaka yote hiyo, vidole vilivyokosekana, visigino vyeusi, nyayo zenye matundu. Alikuwa akidhani kila mmoja na ajali yake. Na katika miguu yote hiyo, mmoja ulikuja ukasimama mbele yake haukuondoka. Alijifunga kanga ya pili, akasema, "Haya, twende."

Mtaa ulipata la kusema. Muosha anaingia majumbani, anawaambia watu watoe miguu aitazame; tafsiri yake ikawa moja tu, anawapima sanda. Bi Time, mwanamke wa maskhara yasiyoisha, alijilaza chali juu ya jamvi, akanyoosha miguu na kukunja mikono kifuani. "Haya pima, Bi Mwanapili, urefu wangu ndio huu. Na usinibanie kitambaa." Barazani napo wanaume hawakuwa na uvivu wa maneno. Mmoja alisema ugonjwa wa sukari ni wa matajiri, na matajiri wameshakimbia, basi na ugonjwa wao wangeondoka nao. Mwengine alisema, "Sukari sisi tunaipangia foleni tangu alfajiri na hatuioni. Nyinyi mnaiona kwenye mikojo yetu?" Wakacheka sana. Bi Mwanapili mwenyewe alicheka.

Lakini watu walifungua milango, na baadhi yao walitoa vichupa. Cha Bi Time kilipochemshwa kiligeuka kijani, kikaja manjano, kikamalizia rangi ya tofali. Bi Time alikitazama kile kichupa muda mrefu. Hakufanya mzaha tena siku hiyo, na kuanzia wiki iliyofuata alikwenda hospitali na wenziwe, ndara miguuni.

Tatizo lilikuwa dawa. Ya buluu ilikuwa kidogo na ilikuja kwa meli, ikichelewa imechelewa. Kwa hiyo Mwanamkasi alianza kila nyumba na swali: kuna aliyekufa humu baada ya kukonda na kunywa maji mno, au kwa kidonda kisichopona? Penye jibu la ndiyo aliwapima wote. Pasipokuwa na jibu hilo aliwaambia wasubiri.

Wakafika nyumba ya Tabia. Tabia alikuwa chumba cha chini, dirisha limefunguliwa upande wa kichochoro, cherehani linanguruma. Alishona bila viatu, miguu yote miwili juu ya pedeli ya chuma. Kurwa alikuwa amekaa ngazini na mwanawe mapajani. Mwanamkasi aliuliza swali lake.

"Mama alikufa kwa homa," alisema Tabia, hakuacha kushona. "Si ndiyo, Bi Mwanapili? Wewe ndiye uliyemwosha."

Watatu wote wakamtazama. Halikuwa swali gumu. Mtoto wa Kurwa alikuwa anavuta uzi, cherehani limesimama sasa, na Tabia ameinua uso akingoja. Bi Mwanapili alimwona Bi Mwatum na soksi yake, jinsi alivyojificha mwaka mzima ili binti hawa wasijue. Alimsikia na shangazi yake.

"Aliondoka vizuri," alisema.

"Basi nyinyi mtasubiri dawa nyengine," alisema Mwanamkasi, akafunga mkoba wake. Wakaenda nyumba ya pili.

Meli haikuleta dawa mwezi ule, wala uliofuata. Bi Mwanapili alipungukiwa na usingizi. Usiseme ni mjinga, alijua alichokifanya. Lakini miaka yote alikuwa mtu mwema kwa kunyamaza, na mtu akizoea wema wa namna moja hauoni ukimgeukia. Akatafuta njia ya kuzunguka. Alipeleka kitambaa kwa Tabia ashonewe gauni asilolihitaji, apate sababu ya kuingia. Alimletea na ndara mpya.

"Vaa, mwanangu. Sakafu hii ya mawe si nzuri."

"Ndara na pedeli haviendi, Bi Mwanapili. Mguu lazima uisikie mashine." Tabia alicheka, akainua gauni kidogo. "Mbona macho yako kwenye miguu yangu kila ukija? Nami unanipima?"

"Nenda ukapimwe na nesi, basi. Kwa kujua tu."

"Nna harusi mbili wiki hii. Nikapimwe nini, mzima?"

Na kweli alionekana mzima. Alikonda kidogo, lakini nani hakukonda mwaka ule? Alikuwa na gudulia la maji pembeni ya cherehani, anakunywa, anajaza, anakunywa. Bi Mwanapili aliliona gudulia lile akarudi nyumbani kimya.

Siku aliyokwenda kuchukua gauni lake aliona damu kwenye pedeli. Haikuwa nyingi, na nyengine ilikuwa imeshakauka.

"Tabia, inua mguu."

Tabia aliinua, akatazama chini ya unyayo, akaangua kicheko. "Loo! Pini! Na gauni zima nimelimaliza, tangu asubuhi!" Kichwa cha pini kilikuwa kimezama kwenye nyama. Bi Mwanapili alipiga magoti, akakikamata kwa kucha zake, akaivuta. Pini ilitoka ndefu. Alimtazama Tabia usoni wakati anaivuta, akiomba kwa Mungu aone hata ukope umepepesa. Tabia alikuwa anachagua uzi.

Hapo ndipo alipovunja amana. Alisema yote akiwa bado amepiga magoti, ile soksi, vitambaa, karafuu, tundu, mfupa. Alisema taratibu kwa sauti ya chini, kwa heshima ya marehemu. Tabia alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yangu alioza. Ndivyo unavyoniambia?"

"Nakwambia uende hospitali, mwanangu. Leo hii."

"Uliniambia kama kalala. Nami nikakubusu mkono." Tabia alisimama. "Na siku ile nilikuuliza mbele ya nesi, mbele ya Kurwa. Ulikuwa muongo siku ile, au muongo leo?"

"Siku ile."

"Basi toka. Toka nyumbani kwangu! Mama kakuamini na uchi wake, nawe unautembeza!" Akaenda dirishani akapaza sauti kichochoroni, na sauti hiyo ilikuwa ya mamake kabisa. "Enyi mnaowapa maiti zenu Bi Mwanapili, jueni anayasema anayoyaona!"

Haikufika alasiri, Sokomuhogo yote ilikuwa na habari. Kila mtu alianza kuwahesabu maiti wake waliooshwa na Bi Mwanapili, na aibu zao, akaona kama zote ziko ulimini mwa muosha. Aliyefariki wiki hiyo aliletewa muosha kutoka Kikwajuni. Na aliyefuata. Barazani walimwamkia bado, lakini sasa hawakutazama kikapu chake, kwa sababu kikapu kile hakikuwa na safari.

Alikwenda kwa Mwanamkasi akamweleza. Nesi yule alikuwa mpole kwa kawaida, lakini alipomaliza kusikiliza alisema, "Nliuliza, Bi Mwanapili. Siku ile nliuliza." Hakuongeza neno, na Bi Mwanapili angependa zaidi kama angetukanwa. Papo hapo Mwanamkasi alitoka kwenda kwa Tabia. Kurwa alichungulia dirisha la juu, akasema dada hayupo, na cherehani chini linanguruma.

Alirudi tena na tena. Ukafika wakati hata cherehani halikusikika, na ngazini palinuka udi.

Ndiyo. Tabia alifanya vile vile alivyofanya mama yake. Alimjua mama yake kapita njia gani, maana aliambiwa, na alipokiona kidonda kinapanuka aliona haya zaidi kuliko hofu. Angekwenda hospitali, angekuwa amekubali kwamba muosha amesema kweli, kwamba mama alioza. Akavaa soksi. Mumewe, Usi, alikuwa mchukuzi wa bandarini, akitoka asubuhi na kurudi jioni hoi, naye alisifu harufu ya udi. Mpaka siku alipomkuta mkewe sakafuni kando ya mashine anaweweseka kwa homa, akaivua soksi kumpoza miguu. Alimbeba mgongoni mpaka hospitali, hakungoja gari.

Madaktari walisema mguu ukatwe juu ya goti, tena asubuhi ya pili yake, nao walisema huenda wamechelewa. Usi alikuja kumgongea Bi Mwanapili baada ya alfajiri.

"Tabia anakwita."

Alimkuta amelala, uso umekuwa mdogo, macho makali yale yale. Bi Mwanapili alitaka kusema jambo. Tabia alimzuia kwa mkono.

"Sikukwita nikusamehe. Nisikilize kwanza. Wanasema mguu ukishakatwa unaviringishwa kitambaa unazikwa, basi. Usi kauliza msikitini, kaambiwa haulazimiki kuoshwa. Mie nataka uoshwe. Uwani kwangu. Waitwe wanawake wote wa mtaa, kama wanavyoitwa msibani. Uoshe wewe, wote watazame, na ukimaliza useme."

"Niseme nini?"

"Wangu. Na wa mama."

"Na wa mama, Tabia?"

"Mie mwanawe nakupa ruhusa." Alipumzika kidogo. "Kurwa namwambia akapimwe, hanisikii. Anasema wewe ndiye uliyetulaani. Lakini akiuona..." Alivuta shuka mpaka kifuani. "Ungalisema siku ile nlipokuuliza, Bi Mwanapili, leo ningalikuwa nashona. Nenda kangoje nje."

Bi Mwanapili alitoka akakaa juu ya ukuta wa bustani ya hospitali. Alilia kwa mara ya kwanza tangu shangazi yake afe. Yeye aliyesikia vilio vya mji mzima hakujua kulia vizuri, na waliopita walidhani ana kwikwi.

Kabla ya saa nne Usi alitoka na mzigo mrefu umefungwa kitambaa cheupe, ameukumbata kama mtoto. Waliufikisha nyumbani kichochoro kwa kichochoro, na wanaume barazani walisimama kwa heshima bila ya kujua wanamsimamia nani. Usi aliukabidhi akarudi mbio hospitali. Nduguye alibaki nje ya mlango akingoja kwenda kuuzika.

Uwa ulijaa. Walikuja kwa sababu waliitwa, na kwa sababu jambo kama hilo hawakupata kuliona. Walikaa kama wanavyokaa msibani lakini hawakujua la kufanya. Mmoja alianza kuangua kilio, mwenziwe akampiga kiwiko. "Nyamaza wewe, mwenyewe yuhai!" Kurwa alisimama juu ngazini, hakushuka, uso umefura.

Bi Mwanapili aliuweka mguu juu ya ubao, akaufunua. Hakuharakisha kuficha safari hii. Aliugeuza unyayo upande wa watu, na wakaziba pua kwa ncha za kanga, na wengine wakainamisha vichwa, akawaambia watazame. Aliosha kwa maji ya majani ya mkunazi, taratibu, kati ya kidole na kidole, kama mguu wa mtu aliye mzima anayeweza kusema anaumia. Kisha akasema.

Alisema habari ya pini. Alisema habari ya Bi Mwatum, kwa jina, na soksi na karafuu. "Yeye aliwaficha nyinyi, nikaona mie peke yangu, nami nikazidi kuwaficha. Tabia alipouliza nikamdanganya. Nimewaosha wengine humu wa namna hii, mama zenu na dada zenu; sikuruhusiwa kuwataja na sitawataja. Anayetaka kujua wa kwake aje aniulize yeye mwenyewe, ntamwambia. Kidonda kisichouma ndicho hiki." Sauti yake ilikuwa kavu, na mikono haikuacha kuosha. Bi Time peke yake alikuwa analia, kimya, anaitazama miguu yake mwenyewe ndani ya ndara.

Alikuwa anaukunja mguu kwenye kitambaa kipya aliposikia nyayo ngazini. Kurwa alishuka mpaka chini, mwanawe kiunoni, akasimama mbele ya ubao.

"Lakini mie changu kidole tu," alisema. Alisema kwa ukaidi, kama mtu anayebishana na bei. "Kiliungua na makaa. Kimekuwa cheusi kidogo. Mbona hakiniumi hata chembe?"

Alishasema ndipo alipoyasikia maneno yake. Aliyatazama macho ya wanawake wale, moja baada ya jengine, akitafuta mtu wa kumwambia si kitu. Bi Mwanapili alimchukua mtoto akampa Bi Time, akamwita nduguye Usi mlangoni aje auchukue mguu, akanawa mikono.

"Vaa buibui, twende."

Kurwa alitembea taratibu, na Bi Mwanapili hakumruhusu kukanyagia vidole. Njiani Kurwa alikuwa na maneno mengi, maneno ya hofu. Akishatazamwa na nesi ataingia kwa dada, atamwomba radhi, atamwambia cherehani atalipangusa yeye kila siku mpaka apone. Kwani mashine za kuzungusha kwa mkono hazipo? Zipo. Usi atamtafutia. Bi Mwanapili alisema zipo.

Getini alimwona Usi amesimama peke yake kwenye jua, hana kofia. Alimwambia Kurwa apumzike kidogo pale kwenye kivuli cha ukuta, akatangulia. Usi hakuhitaji kusema kitu, lakini alisema.

"Kaondoka. Sasa hivi. Hata hakuzinduka."

Bi Mwanapili alisimama. Kisha akamshika Usi mkono, akamnong'oneza kwa ukali ambao Usi hakuutarajia. "Pitia mlango wa nyuma. Asikuone. Nipe muda, Usi, nakuomba, mpaka atazamwe. Akijua sasa atakwenda kulia matanga yote, na kidole hicho hakina siku za matanga."

Usi alimtazama shemeji yake aliyekaa kivulini, ameuweka mguu juu ya mguu. Akazunguka nyuma ya jengo.

"Alikuwa Usi yule?" Kurwa aliuliza. "Dada vipi? Kaamka?"

"Kwanza mguu wako," alisema Bi Mwanapili.

Mwanamkasi alikuwa chumbani mwake. Kwa macho yake ilionekana ameshapata habari, na Bi Mwanapili akamtikisia kichwa kutokea mgongoni kwa Kurwa. Nesi alielewa. Alimkalisha mgonjwa kwenye benchi, akampa kichupa, akawasha jiko la spiriti. Kurwa aliuweka mguu wake juu ya mapaja ya nesi, akaanza tena kueleza habari za makaa, na kwamba yeye si mtu wa kuogopa, na kwamba akitoka hapa anakwenda moja kwa moja kwa dada yake. Nesi alisema haya, tulia, nyoosha vidole.

Nje, mbali kidogo, mwanamke wa kwanza wa mtaani alikuwa ameshapata habari, na kilio chake kikaanza kuja upande wa korido. Bi Mwanapili aliufunga mlango, akausimamia kwa mgongo wake.